Ukatili na Moyo wa Mtoto



Hapa Handeni kuna makazi ya Chogo. Wengi waliohamishiwa huko ni Wazigua ambao babu zao walipelekwa utumwani Somalia karne ya 19, nao wakarudi wakikimbia vita vya mwaka 1991. Kila mtu huelewa mtoto wa vita akiamka usiku akilia.

Lakini sisi wa Handeni na Korogwe tusiokimbia vita tujitazame. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana Tanzania walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kufikisha miaka 18.

Mtoto anayepigwa mara kwa mara, au anayemwona mama yake akipigwa, mwili wake hukaa macho kungojea hatari. Hukosa usingizi, hurudia kukojoa kitandani, hasikii somo. Mmoja huwa bubu, mwingine hupiga wenzake. Nasi humwita mtukutu na kumwongezea bakora, yaani tunamtibu kwa kilekile kilichomwumiza.

Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka 10 tangu utotoni, wala hakuambiwa hata “uff”. Nani atasema hakupata malezi?

Wazazi, mwulizeni mtoto kwa upole, kisha msikilizeni mpaka amalize. Wanafunzi, mkiumizwa mwambieni mtu mzima mnayemwamini, au pigeni 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Kuficha dhuluma si subira.

Wabillahi tawfiq.