Mficha Maradhi Hafichi Peke Yake

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na kila mwaka lawama humwangukia mgonjwa. Ni nadra mwalimu kuuliza: ni nani aliyemfanya aone heri kuficha?

Swali hilo lilinijia kwa uchungu miaka michache iliyopita. Mwanafunzi wangu mmoja alikosa mihadhara kwa majuma matatu. Aliporejea alinieleza kwamba alikuwa akiugua malaria. Nilimpa pole, nikamwongezea muda wa kuandika insha yake. Muhula ulipokaribia kwisha alikuja ofisini, akafunga mlango, akasema: "Mwalimu, sikuwa na malaria. Nililazwa kwa ajili ya sonona. Nilikuwa nimechoka kuishi."

Nilipomwuliza kwa nini hakuniambia mapema, aliinamisha kichwa. Mwanzoni mwa muhula huo nilikuwa nimefundisha asili ya neno mwendawazimu, na jinsi lilivyo na shina moja na mzimu na kuzimu. Mmoja wa wanafunzi alifanya mzaha, darasa likaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Yeye alikuwa ameketi safu ya pili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitazama sarufi yetu kwa jicho jingine. Twasema kwamba fulani ana malaria, au anaugua kisukari. Hakuna asemaye kwamba fulani ni malaria. Lakini akili inapougua, "ana" hugeuka "ni": fulani ni kichaa, fulani ni mwendawazimu. Maradhi ya mwili ni mzigo ambao mtu huubeba, na huenda akautua. Ya akili tumeyafanya kuwa jina lake. Hata Mathari, hospitali iliyoanzishwa jijini Nairobi mwaka wa 1910 kwa ajili ya wagonjwa wa akili, jina lake twalitumia kutusiana. Nani basi atathubutu kuonekana langoni pake?

Sheria nayo ilichangia kuficha huko. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, anayeweza kufungwa hadi miaka 2. Aliyehitaji daktari akatiwa hofu ya polisi. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Uamuzi huo ni wa kupongezwa. Hata hivyo, jaji hawezi kuufuta mzaha wa darasani. Kazi hiyo ni yetu.

Walimu wenzangu, tuanze na ndimi zetu. Tuseme kwamba mtu anaugua, kama tusemavyo kuhusu maradhi mengine. Aidha, tukimwona mwanafunzi aliyejitenga, asiyelala, anayegawa vitu vyake au anayesema kwamba hana faida kwa yeyote, tumwulize faraghani, bila kuzungukazunguka, kama anafikiria kujiua. Wengi huchelea kwamba swali hilo litampandia wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wa afya ya akili wanatufahamisha kuwa sivyo; mara nyingi kuulizwa humpa mtu nafuu ya kusema. Akikiri, tusimwache peke yake. Tumsikilize bila kumkemea, kisha tumsindikize kwa mshauri au hospitalini.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu akiwanong'onezea kwamba anataka kufa, hiyo si siri ya kutunzwa. Mwambieni mtu mzima mnayemwamini siku iyo hiyo. Heri akasirike nanyi akiwa hai.

Mwanafunzi wangu alitibiwa, akahitimu, na leo ni mwalimu. Nilimwomba radhi, naye akanisamehe. Neno mwendawazimu bado nalifundisha. Ila mzaha unapoanza darasani, huweka chaki chini nikawasimulia habari za kijana aliyelazimika kuazima malaria.