Fleti yenye jiko ni nafuu Homa Bay na Migori, ila mgeni awe macho

WAGENI wanaozuru miji ya Homa Bay na Migori kwa siku kadhaa si lazima walale hotelini. Wapo wanaokodi fleti yenye samani na jiko katika mtaa tulivu kando ya mji, ambako hujipikia na kuishi kama wenyeji.

Haja ya makao ya aina hii imekua tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka wa 2013. Miji hiyo miwili ni makao makuu ya kaunti, na hupokea maafisa, wanakandarasi, watafiti na jamaa za wagonjwa. Mnamo 2025, Homa Bay iliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka hapo Juni 1, kisha Kongamano la Ugatuzi mwezi Agosti. Shughuli kama hizo hujaza vyumba vya hoteli upesi.

Nafuu ya fleti hutokana na mambo mawili. Kwanza, aghalabu mgeni hutozwa kwa nyumba nzima kila usiku, wala si kwa kila kichwa. Familia ya watu wanne hugawana gharama hiyo. Pili, chakula hununuliwa sokoni. Katika fuo za Ziwa Victoria hupatikana ngege, mbuta na omena, na mwenye sufuria na unga hana haja ya kulipia mlo wa hotelini kila siku.

Hata hivyo, anayelala usiku mmoja huenda asifaidi. Mafuta, chumvi na viungo atakavyonunua vitabaki jikoni humo.

Utulivu nao una thamani yake. Barabara kuu ya kutoka Kisii kuelekea Isebania, mpakani na Tanzania, hupita katikati ya mji wa Migori, na malori huongeza kelele. Lakini mtaa uliotulia una upande wa pili: watu ni wachache usiku, na mgeni akipatwa na jambo huenda asisikike haraka.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Hoteli huwa na mapokezi, daftari la wageni na mlinzi. Fleti yaweza kulipiwa kwa simu na ufunguo kuachwa kwa msimamizi, mwenyeji na mgeni wasionane hata mara moja.

Hatari ya mtindo huo ilidhihirika Januari 2024, wanawake wawili walipouawa katika nyumba za kukodi kwa muda mfupi jijini Nairobi. Maelfu ya watu waliandamana Januari 27 mwaka huo kupinga mauaji ya wanawake. Serikali nayo iliwataka wenye nyumba hizo wajisajili na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mgeni hana budi kuuliza maswali machache. Je, nyumba ina leseni? Mlango hufungwa kwa komeo kutoka ndani? Kuna mlinzi usiku? Mwenyeji anayedai kitambulisho asichukiwe, kwani daftari la wageni humlinda hata mgeni mwenyewe. Ni busara pia kumtumia jamaa jina la mtaa na nambari ya mwenyeji.

Aidha, aulize kuhusu tangi la maji na tokeni za stima. Eneo la ziwa lina malaria nyingi, hivyo neti isikosekane. Maji ya kunywa yachemshwe. Stima ikipotea au gesi ikiisha, makaa yasiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa kuwa hewa yake ya sumu huua bila harufu.

Wahenga walinena kuwa rahisi huvunja upishi. Fleti ya bei ya chini isiyo na leseni wala mlinzi haimwokolei mgeni chochote.