Makazi ya Wazee na Kipimo cha Matunzo

Makazi ya wazee ni mahali ambapo watu wenye miaka 60 au zaidi hulazwa, hulishwa, huogeshwa na kutibiwa na watu wasio ndugu zao. Tanzania Bara ina makazi ya Serikali yasiyofika ishirini, pamoja na mengine yanayoendeshwa na mashirika ya dini na ya hiari. Miongoni mwa yale ya Serikali ni Nunge ya Kigamboni, Fungafunga ya Morogoro, Njoro ya Moshi, Kolandoto ya Shinyanga, Bukumbi ya Misungwi, Ipuli ya Tabora na Sukamahela ya Manyoni. Zanzibar ina Sebleni na Welezo kwa upande wa Unguja, na Limbani kwa upande wa Pemba.

Wanaoishi humo ni wachache sana. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na karibu watu sita katika kila mia walikuwa wametimiza miaka 60, yaani wazee wapatao milioni 3.5. Walio wengi wako majumbani. Katika kata ya Mtawanya, wilayani Kibiti, kama ilivyo katika delta nzima ya Rufiji, mtu hutarajia kuzeekea uani kwake, karibu na minazi na mikorosho aliyoipanda mwenyewe, huku akitazamwa na wanawe na wajukuu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilikubaliana na matarajio hayo: familia ndiyo mlezi wa kwanza, na makazi ni kimbilio la mwisho.

Ndiyo maana anayefika kwenye makazi huwa amekwisha kupoteza mengi. Huenda hakujaaliwa mtoto, au amewazika aliowazaa. Huenda aliondoka kwao kijana kwenda kulima mkonge au kubeba mizigo bandarini, akazeeka huko bila kurudi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wamekuwapo pia wanawake wazee waliokimbia tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi. Mzee wa kijijini akinyimwa chakula, jirani atasikia na shangazi atakuja kuuliza. Mzee wa makazi hana jirani wala shangazi. Kinachosimama badala yao ni kanuni zilizoandikwa, mtu wa kuzisimamia na mkaguzi wa kuhakikisha zinafuatwa. Hapo ndipo suala la viwango linapoanza.

Makazi mengi ya Serikali hayakujengwa kwa ajili ya uzee. Baadhi, Bukumbi ikiwa mfano, yalianza kama kambi za watu wenye ukoma, wakati ugonjwa huo ulipomtenga mtu na jamii yake hata baada ya kupona. Mengine yalipokea watu wasiojiweza wa kila aina. Asili hiyo bado inaonekana: vyumba vimetawanyika kama kijiji, vyoo viko mbali na vitanda, na ndani ya eneo moja huishi mzee wa miaka 80, mtu mwenye ulemavu na wajukuu wao. Sadaka nayo ilizaa mazoea yake. Misaada ya mchele, sabuni na mashuka ina thamani kubwa na hakuna sababu ya kuibeza, lakini mtu aliyezoea kupokea sadaka huona haya kulalamika, na anayetoa sadaka hachelewi kuona kwamba hadaiwi chochote. Kiwango huugeuza wema kuwa deni: mzee anadai kuogeshwa, kulishwa na kusikilizwa, na makazi yanadaiwa.

Deni hilo limekwisha kuandikwa kimataifa. Desemba 1991 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Wazee, 18 kwa jumla, zinazohusu uhuru, ushiriki, matunzo, kujiendeleza na heshima. Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya Haki za Wazee mnamo Januari 2016, nayo ikaanza kutumika Novemba 2024 baada ya kuridhiwa na nchi 15. Itifaki hiyo inataka huduma ya makazi iwe hiari ya mzee mwenyewe, iwe ya gharama anayoimudu, na ifikie viwango vya chini vilivyowekwa na nchi husika. Zanzibar ilitunga sheria yake ya wazee mwaka 2020. Upande wa Bara, makazi yamekuwa yakiongozwa zaidi na sera, na sera, hata ikiwa nzuri, haimpi mkaguzi nguvu za kufunga jengo bovu.

Katika utekelezaji, kiwango cha kwanza huhusu mikono. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hupata vidonda mgongoni, nyongani na visiginoni, mahali ambapo mfupa hugandamiza ngozi dhidi ya godoro na damu ikashindwa kupita. Kidonda kinaweza kuanza kwa siku moja na kuchukua miezi kupona. Kinga yake inajulikana: kumgeuza mara kwa mara, aghalabu kila baada ya saa mbili, shuka kavu, ngozi safi na chakula chenye protini. Hakuna dawa ghali hapo. Panahitajika mhudumu aliyepo saa nane usiku. Kwa hiyo idadi ya wahudumu wa zamu ya usiku hueleza hali ya makazi kuliko rangi ya kuta au ukubwa wa lango, na mgeni anayetaka kujua ukweli hana budi kuuliza nani alikuwa zamu jana usiku, na alikuwa akiwatazama wazee wangapi.

Dawa ni eneo jingine lenye hatari. Mzee mmoja anaweza kuwa na presha, kisukari na maumivu ya viungo kwa pamoja, na kumeza vidonge vya aina tano. Akipewa dawa ya sukari kabla hajala anaweza kuzimia. Akirudiwa dozi ya presha anaweza kuanguka anapoinuka. Makazi yenye utaratibu huwa na karatasi ya dawa ya kila mkazi, na anayetoa kidonge huweka sahihi baada ya mzee kukimeza, si kabla. Sera ya Afya ya 2007 iliwapa wazee wasio na uwezo matibabu bila malipo, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Dirisha hilo humfaa mkazi wa makazi ikiwa tu yupo mtu wa kumpeleka, kumsemea na kurudi na maelezo ya daktari yakiwa yameandikwa.

Usafiri una uzito wa pekee katika delta. Kutoka visiwa vya Salale au Kiongoroni kwenda hospitali ni safari ya mtumbwi au boti kati ya mikoko, na saa ya kuondoka hupangwa na maji kujaa na kupwa. Kiharusi hakisubiri bamvua. Makazi yoyote yatakayowapokea wazee mahali kama hapo yanapaswa kuwa upande wa barabara kuu, na chombo cha usafiri kiwe kimepangwa kabla ya dharura.

Jengo lenyewe huua zaidi kwa kuwaangusha wazee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa duniani kila mwaka kwa kuanguka, na walio wengi wamevuka miaka 60. Mzee huteleza bafuni, hujikwaa kwenye kizingiti, hukosa ngazi gizani. Marekebisho yake yako ndani ya uwezo wa fundi wa Kibiti: vyuma vya kushikia kando ya choo, choo cha kukaa badala ya cha kuchuchumaa kwa mwenye magoti mabovu, sakafu isiyoteleza, mteremko laini mahali pa ngazi, taa inayowaka usiku kucha kwenye njia ya chooni. Kupima macho ni sehemu ya usalama huo, kwa kuwa mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo na mzee akaona tena pa kukanyaga.

Moto hutokea mara chache, lakini ukitokea hauna huruma. Januari 2021 nyumba iliyogeuzwa makazi ya wazee mjini Kharkiv, Ukraine, iliungua na watu 15 wakafa. Afrika Mashariki ina hatari yake ya kawaida: nondo za madirishani. Zimewekwa kuzuia mwizi, na usiku wa moto humzuia mwenye nyumba. Kila chumba cha wasioweza kutembea kinahitaji mlango mpana unaopitisha kitanda, nondo zinazofunguka kwa ndani, na wahudumu waliokwisha kufanya zoezi la kuwatoa wazee wenyewe, hatua kwa hatua.

Katika bonde la Rufiji hatari ya namna hiyo ni maji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na watu wakahamishwa. Wakulima wa bonde hilo tangu zamani wameyajua maji, ndiyo maana hujenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, mashambani mwao. Lakini dungu hupandwa kwa ngazi, na mzee aliyepooza hapandi ngazi. Orodha ya nani hawezi kutembea, analala nyumba ipi na nani atambeba inapaswa kuwapo ofisi ya kijiji kabla ya masika. Makazi nayo yawe na orodha hiyohiyo ukutani.

Maambukizi yaliingia kwenye fikra za dunia kwa ghafla mwaka 2020. Aprili mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa katika nchi za Ulaya hadi nusu ya waliokufa kwa korona walikuwa wakazi wa nyumba za matunzo. Watu dhaifu walikuwa wamekaa karibu karibu, wakihudumiwa na mikono ileile iliyopita chumba hadi chumba. Maji ya kunawa, hewa inayopita na chumba cha kumtenga anayekohoa ni mambo yanayozuia kifua kikuu na kuhara pia.

Jambo gumu kuliko yote kulikagua ni ukatili. Katika tafiti zilizokusanywa na Shirika la Afya Duniani, wahudumu wawili kati ya watatu wa nyumba za wazee walikiri kuwa wamewahi kumtendea mkazi vibaya katika mwaka uliotangulia. Hicho ni kilio kikubwa, na haitoshi kukijibu kwa kusema kuwa Waafrika huheshimu wazee. Novemba 2023 kipindi cha BBC Africa Eye kilirusha uchunguzi wa siri kutoka nyumba ya wazee ya Thogoto, Kikuyu nchini Kenya, ukionyesha wazee wakipigwa. Ilikuwa nyumba ya kanisa, katika nchi ambayo Katiba yake ya 2010, kifungu cha 57, inawahakikishia wazee heshima na kuishi bila kudhulumiwa. Katiba haikuwamo chumbani. Mhudumu mmoja aliyechoka, asiye na mafunzo, mwenye mshahara mdogo na wazee wengi kupita uwezo wake ndiye aliye hatarini kuinua mkono, na anayemwajiri kwa hali hiyo anashiriki kosa. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau huathirika zaidi kwa sababu hawezi kusimulia. Michubuko yake, uzito wake unaopungua na kujikunyata kwake mtu anapoingia ndiyo ushahidi wake.

Heshima ina mambo yake madogo ambayo kwa mkazi ni makubwa. Mzee wa Mtawanya aliyehamishiwa mjini atahitaji maji ya udhu asubuhi, kitanda kilichowekwa ili aweze kuelekea kibla, futari na daku mwezi wa Ramadhani kama afya inamruhusu kufunga. Atataka wali na samaki wa kuungwa kwa nazi, na atakula kidogo akipewa ugali kila siku. Mwanamke atataka kuogeshwa na mwanamke. Wote watataka kujua, wakiwa bado na akili zao, watazikwa wapi na nani ataarifiwa. Makazi mazuri huuliza maswali hayo siku ya kwanza na kuyaandika kwenye faili, pembeni ya kipimo cha presha.

Ukaguzi ndio unaogeuza yote hayo kuwa ya kudumu. Uingereza ina Care Quality Commission, iliyoanza kazi 2009, ambayo hufika kwenye nyumba za wazee, mara nyingine bila taarifa, na kuuliza kama mahali ni salama, huduma inaleta matokeo, wahudumu wana upole, wakazi wanasikilizwa na uongozi unafaa. Matokeo hutangazwa kwa umma, na watu wengi wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi za matunzo huko wanaujua utaratibu huo kwa vitendo. Afrika Kusini, kwa Sheria ya Wazee ya 2006, inataka kila nyumba ya wazee isajiliwe. Tanzania ina maofisa ustawi wa jamii katika halmashauri na mabaraza ya wazee kuanzia ngazi ya kijiji, na wajumbe wa mabaraza hayo wangefaa sana kufuatana na mkaguzi. Mzee humwambia mzee mwenzake mambo asiyomwambia ofisa mwenye kalamu.

Vipimo hivyohivyo vinafaa majumbani, waliko wazee wengi. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa pensheni jamii wote waliofikia miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, ambayo baadaye ilipandishwa hadi 50,000. Fedha hiyo humwezesha mzee kununua sabuni na kuchangia chakula badala ya kuonekana mzigo. Katika nyumba ya udongo ya Mtawanya, ofisa ustawi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kukagua kwa nusu saa: njia ya chooni ina mwanga, visigino havina vidonda, dawa zinatolewa na nani, mzee anakula pamoja na wengine au peke yake nyuma ya nyumba. Anaweza pia kumtazama mlezi, ambaye mara nyingi ni binti au mkwe anayelima, anayepika na kumgeuza mgonjwa usiku bila mtu wa kumpokea zamu, na kupanga na ndugu wengine siku zao za kumsaidia.