Lupita Nyong'o: Binti wa Seme na Dua ya Rangi

  

Ndugu wasomaji, na hasa akina mama, hivi karibuni tulialikwa Kisumu kufungisha nikahi katika nyumba ya jamaa zetu wa zamani. Nikahi ilipokwisha na watu wakala, alitujia mdogo wake bi harusi, binti wa miaka 12. Alitoa salamu kwa adabu, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Maalim, nikimwomba Mwenyezi Mungu niamke kesho nikiwa mweupe kama dada yangu, dua hiyo yafaa?"

Tulikuwa tumechoka kwa safari, na wageni walikuwa wakitungoja mlangoni. Tukamjibu kwa mkato kuwa dua ya namna hiyo si adabu, na kwamba aende akamsaidie mama yake. Binti akainamisha kichwa, akaondoka.

Usiku ule shangazi yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alitueleza jambo lililotunyima usingizi. Siku mbili kabla ya nikahi alimkuta yule mtoto bafuni, amechukua kopo la krimu lililonunuliwa kwa ajili ya bi harusi, anajipaka usoni. Mashavu yalikuwa yameshaanza kuwa mekundu na kumwasha. Kisha akaongeza: "Maalim, mtoto huyu si wa kwanza kuomba dua hiyo. Hata binti wa Gavana wetu aliiomba alipokuwa mdogo."

Binti aliyekusudiwa ni Lupita Nyong'o, mwigizaji wa filamu ambaye jina lake lajulikana pande zote za dunia. Sisi si watu wa sinema, wala hatuandiki haya ili kuwatuma watoto wetu huko. Katika kazi ile mna mavazi na maonyesho ambayo dini yetu haiyaridhii. Lakini hekima ni kitu alichopotewa nacho Muumini, na aionapo huiokota. Tumeyafuatilia maisha ya bibi huyu, na tumeona humo somo ambalo nyumba zetu zinalihitaji sana.

Asili na malezi

Ukitoka mjini Kisumu kuelekea magharibi, wafika eneo la Seme, na huko kuna kijiji kiitwacho Ratta. Hapo ndipo chimbuko la Profesa Peter Anyang' Nyong'o, msomi wa elimu ya siasa, aliyekuwa waziri, kisha Seneta wa Kisumu, na tangu mwaka 2017 Gavana wa kaunti hiyo. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, wasomi waliosema waziwazi walipokuwa wakibanwa nchini, yeye na mkewe Dorothy walikuwa ugenini Mexico, ambako alikuwa akifundisha. Huko ndiko Lupita alikozaliwa, tarehe 1 Machi 1983, akiwa wa pili katika watoto sita. Ndiyo sababu Mjaluo huyu akapewa jina la Kihispania, na pamoja nalo jina la kwao, Amondi.

Hajatimiza mwaka mmoja, familia ilirejea Kenya. Alilelewa Nairobi, akasoma huko, na alipokuwa na umri wa miaka 14 aliigiza jukwaani na kundi la Phoenix Players, katika mchezo wa Shakespeare wa Romeo na Juliet. Alipofika miaka 16 wazazi wake walimrudisha Mexico kwa miezi kadhaa ili ajifunze Kihispania. Baadaye alikwenda Marekani, katika Chuo cha Hampshire, akasomea filamu na michezo ya kuigiza.

Hakuanzia mbele ya kamera. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, yeye alikuwa miongoni mwa wasaidizi wadogo wa kazi. Humo alikutana na mwigizaji Mwingereza Ralph Fiennes, aliyemuuliza anataka kuwa nani. Alipojibu kwa haya kwamba anatamani kuigiza, yule bwana alimwonya kuwa kazi ile aifanye tu iwapo hawezi kuishi bila ya kuifanya. Lupita ameeleza kwamba maneno hayo yalimzindua.

Kazi yake ya kwanza kubwa aliyoiongoza mwenyewe ilikuwa filamu ya maisha halisi, In My Genes, ya mwaka 2009, inayohusu watu wenye ualbino nchini Kenya. Hapo tunawaomba wasomaji watue kidogo. Binti aliyeteswa utotoni kwa sababu ya weusi wake hakuanza kwa kujililia mwenyewe. Alianza kwa kuwasikiliza wale wanaoteswa kwa sababu ngozi zao hazina weusi. Maradhi ni yale yale: kumpima mja kwa ngozi yake. Kutoka hapo aliingia Chuo Kikuu cha Yale kusomea uigizaji, akahitimu mwaka 2012.

Patsey, na historia yetu sisi

Hata kabla ya kuhitimu alikuwa amekwisha kuchaguliwa katika filamu ya 12 Years a Slave, iliyoongozwa na Mwingereza Steve McQueen, na iliyotoka mwaka 2013. Yasimulia kisa cha kweli cha Solomon Northup, mtu mweusi huru aliyetekwa nyara mwaka 1841 na kutiwa utumwani Louisiana kwa miaka 12. Lupita alikuwa Patsey, mtumwa wa kike aliyewashinda wanaume kwa kuchuma pamba, akatamaniwa na bwana wake, akachukiwa na mke wa bwana, na akapigwa mijeledi kwa kosa la kwenda kutafuta kipande cha sabuni.

Tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, alitunukiwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Hakuna Mkenya aliyepata kuishika tuzo hiyo kabla yake. Katika hotuba yake alianza kwa kukiri kwamba furaha yake ile imetokana na maumivu ya mwanamke mwingine, yaani Patsey, kisha akawaambia watoto, popote walipozaliwa, kwamba ndoto zao zina haki ya kuwapo. Kisumu walishangilia kama walioshinda wao.

Sisi watu wa mwambao tusikisikilize kisa cha Patsey kama habari ya ng'ambo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na katika mwambao wa Kenya hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Wako miongoni mwetu waliozaliwa na wajukuu wa watu waliouzwa, na wako waliozaliwa na wajukuu wa walionunua. Utumwa umeondoka, lakini mizani yake tumebaki nayo majumbani. Mtoto azaliwapo, kabla hajakimiwa huulizwa rangi yake. Mposaji huulizia "mweupe" kabla ya kuulizia swala. Maneno haya twayasema mbele ya mabinti zetu, nao wanatusikia.

Sukari, sweta na dua

Siku chache kabla ya tuzo hiyo, katika hafla ya wanawake weusi wa filamu, Lupita alisoma barua aliyoandikiwa na msichana. Msichana yule alikuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, akaghairi alipomwona mtu mweusi kama yeye akisifiwa na dunia. Ndipo Lupita naye akafunua siri yake. Utotoni, kila kitu kizuri alichokiona kwenye televisheni kilikuwa cheupe, naye akichekwa kwa weusi wake. Basi kila usiku akimwomba Mungu amwamshe akiwa mweupe, na asubuhi akikimbilia kioo. Akaweka hata ahadi: ataacha kuiba vipande vya sukari, atamtii mama yake kwa kila neno, hatapoteza tena sweta la shule. Kioo hakikubadilika.

Mambo mawili yalimponya. La kwanza ni kumwona Alek Wek, mwanamitindo wa Sudan Kusini, mweusi kama yeye, akitajwa kuwa mzuri. La pili ni mama yake, aliyekuwa akimwambia kwamba uzuri hauliwi wala haumshibishi mtu. Maneno hayo hakuyafahamu mpaka alipokua, akatambua kwamba mama alikuwa akimwelekeza kwenye uzuri wa moyo, yaani huruma kwa nafsi yake na kwa wenzake.

Mwaka huo huo jarida la People la Marekani lilimtangaza kuwa mwanamke mzuri kuliko wote. Lakini kabla ya kioo kile cha dunia, kilikuwapo kioo cha mama.

Kazi zilizofuata

Kazi zake baada ya hapo ni nyingi, nasi tutazigusa chache. Mwaka 2016 aliigiza katika Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair inayohusu Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe mjini Kampala aliyepata sifa katika mchezo wa sataranji. Lupita alikuwa mama wa msichana huyo, mjane anayeuza mahindi na kuwalinda watoto wake na njaa na aibu. Mwaka huo pia alisimama katika jukwaa la Broadway, New York, katika mchezo wa Eclipsed, unaohusu wanawake wa vita vya Liberia. Mwaka 2018 ikaja Black Panther, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni moja. Mwaka 2024 aliongoza jopo la waamuzi wa tamasha la filamu la Berlin, mtu mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo.

Sifa hazikumkinga na maudhi. Mwezi wa Oktoba 2017 aliandika katika gazeti la New York Times jinsi mtayarishaji mkubwa wa filamu, Harvey Weinstein, alivyomsumbua tangu alipokuwa mwanafunzi, naye akakataa. Mwezi uliofuata jarida moja la Uingereza lilitoa picha yake ikiwa imefutwa sehemu ya nywele zake za asili. Akalalamika hadharani, na mpiga picha akaomba radhi.

Mwaka 2019 aliandika kitabu cha watoto, Sulwe, neno ambalo kwa Kijaluo maana yake ni nyota. Ni hadithi ya mtoto mweusi kama usiku wa manane, mwenye dada mweupe kuliko yeye, ajaribuye kuifuta rangi yake, mpaka afahamu kwamba bila ya usiku nyota hazionekani. Shangazi alikuwa nacho chumbani. Tulikisoma usiku ule hadi mwisho.

Jibu tulilochelewa nalo

Asubuhi, baada ya chai, tulimwita yule binti mbele ya shangazi yake. Tukamwomba radhi kwanza, kisha tukampa jibu alilostahili kupewa tangu jana.

Tulimwambia kwamba katika Surat Rum Mola wetu ameitaja tofauti ya rangi zetu kuwa ni ishara miongoni mwa ishara zake, na ishara ya Mungu haifutwi kwa krimu. Tukamweleza habari za Bilal (r.a.), Mhabeshi aliyeadhini juu ya Kaaba siku ya kufunguliwa Makka. Tukamweleza habari za Umm Ayman, mwanamke wa Kihabeshi aliyemlea Mtume (s.a.w.), na mwanawe Usama, kijana mweusi aliyependwa na Mtume mno, akapewa uongozi wa jeshi akiwa bado mdogo. Tukamweleza pia kwamba Abu Dharr, sahaba mtukufu, alipomwaibisha mtu kwa mama yake, Mtume alimwambia kuwa bado ndani yake mna ujahilia. Kumbe ujahilia waweza kukaa hata katika kifua cha mtu mwema.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mimi nimefahamu, Maalim. Sasa mwambie na mama."

Akina mama, na sisi akina baba pamoja nanyi, ndilo neno lililotufanya tuandike. Krimu ile haikununuliwa na mtoto. Ilinunuliwa na mama mwenye mapenzi, aliyetaka binti yake mkubwa apendeze siku ya harusi. Nyingi ya krimu hizi, na mikorogo inayochanganywa sokoni, zina zebaki au haidrokwinoni. Zebaki huharibu figo, na kwa mama mjamzito yaweza kumdhuru aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kuacha madoa meusi yasiyotoka, na hivyo aliyeukimbia weusi huupata kwa sura mbaya zaidi. Singo, liwa na mafuta ya nazi vilitosha kwa bibi zetu.

Basi tuanze na ndimi zetu. Mtoto akizaliwa tuulize afya yake na ya mama yake. Posa ikija tuulize dini na tabia. Watoto wawili wa nyumba moja tusiwapambanishe kwa rangi, hata kwa mzaha, kwani mzaha wa mkubwa kwa mtoto ni hukumu. Na binti akituuliza swali zito wakati tumechoka, tukae chini tumjibu. Sisi tulipewa asubuhi ya pili ya kurekebisha kosa letu. Si kila mtu hupewa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ayapambe maumbile ya mabinti zetu kwa tabia njema, awape macho ya kujiona kama alivyowaumba, na atusamehe yale tuliyoyasema mbele yao bila ya kufikiri. Amin.