Tiba ya mionzi kwa tezi dume: siku zapungua, Tungue bado mbali

Kusini ya mto Ruvuma, karibu na rasi ya Cabo Delgado, ipo ghuba ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Tungue. Kando ya ghuba hiyo umekaa mji wa Palma. Mwaka 1887 Wareno waliitwaa kwa nguvu kutoka katika himaya ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, na tangu siku hizo mpaka umewagawa watu ambao kwa lugha na kwa damu ni ndugu. Hata leo, mtu wa Tungue si ajabu kuwa na mjomba au shangazi upande wa Mtwara.

Leo hatukukusudia kusimulia habari za mipaka. Tumekusudia kuzungumza juu ya maradhi yasiyojua mpaka, nayo ni saratani ya tezi dume, na juu ya tiba ya mionzi ambayo watafiti wameifanyia kazi kubwa katika miaka ya karibuni.

ADUI AINGIAYE KIMYA

Tezi dume ni kiungo kidogo kilichoko chini ya kibofu cha mkojo, nacho huuzunguka mrija upitishao mkojo. Kila mwanamume anacho. Mwaka 2022, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, wanaume wapatao milioni 1.47 waligunduliwa kuwa na saratani ya kiungo hicho, na karibu 397,000 walifariki dunia kwa sababu yake. Katika Afrika kusini ya Sahara, hakuna saratani nyingine inayowapata wanaume wengi kuliko hiyo.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba mwanzoni hayana dalili. Mzee huendelea kutweka tanga na kutega nyavu zake kama kawaida. Anapoanza kuamka usiku mara tano kwenda haja ndogo, huona kuwa ni uzee tu. Anapoumwa mgongo, huona kuwa ni kazi. Wengi hufika hospitali wakati saratani imekwisha kuingia mifupani, na hapo daktari hubaki na dawa za kupunguza makali, si za kuponya. Sisi tuliofundishwa kazi ya ulinzi twajua kuwa adui wa namna hii hashindwi kwa kungojewa. Hutafutwa kwa doria. Doria yenyewe ni kipimo cha damu kiitwacho PSA, na uchunguzi wa daktari.

MIONZI HUFANYA KAZI GANI

Saratani ikigunduliwa kabla haijatoka nje ya tezi, au ikiwa imetoka kidogo tu, mionzi inaweza kuiponya. Mionzi haichomi kama moto. Hupenya mwilini bila kuonekana na kukata nyuzi za urithi zilizomo ndani ya chembe hai. Chembe nzima za mwili hujitengeneza upesi zaidi, na chembe za saratani hushindwa. Ndiyo sababu tangu zamani dozi iligawanywa katika mafungu madogo madogo: kila siku fungu moja, ili mwili upate nafasi ya kupumua.

Zipo njia kuu mbili. Ya kwanza ni mionzi itokayo nje, kwa mashine ya kobalti au kwa mashine ya umeme iitwayo linaki. Mgonjwa hulala kitandani, mashine humzunguka, na baada ya dakika chache huondoka kwa miguu yake.

Njia ya pili ni mionzi ya ndani, ambayo wataalamu huiita brakitherapi. Wazo lake ni la kale. Radiamu iligunduliwa na Marie Curie na mumewe Pierre mwaka 1898, na muda si mrefu madaktari wa Paris walikuwa wakijaribu kuifikisha karibu na tezi dume kwa mrija. Lakini walikuwa wakipapasa gizani. Mwaka 1983 daktari Holm wa Denmark na wenzake walitangaza njia ya kuiona tezi kwa mawimbi ya sauti huku sindano zikiingizwa mahali hasa zinapotakiwa, bila kumpasua mgonjwa. Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Siku hizi mionzi ya ndani hufanywa kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza, mgonjwa hupewa dawa ya usingizi au ya ganzi, kisha vipande vidogo vya madini, kila kimoja mfano wa punje ya mchele, hupandwa ndani ya tezi na kuachwa humo daima. Huweza kufika mia moja. Ndani yake mna iodini 125, ambayo nguvu zake hupungua nusu kila baada ya siku 60 hivi. Katika namna ya pili, chembe moja yenye nguvu nyingi, mara nyingi ya iridiamu 192, husukumwa kwa waya ndani ya sindano, hukaa dakika chache, kisha hurudishwa katika sanduku lake la kinga. Mgonjwa hurudi nyumbani bila kitu chochote mwilini mwake.

UTAFITI UMEPUNGUZA SIKU

Swali kubwa la watafiti limekuwa hili: je, ni lazima mgonjwa aje hospitali siku nyingi hivyo? Dozi ya mionzi ya nje ilihitaji ziara 37 hadi 39, yaani zaidi ya wiki saba. Uchunguzi ulionyesha kuwa saratani ya tezi dume, tofauti na nyingine nyingi, huumizwa zaidi na mafungu makubwa machache kuliko madogo mengi.

Uingereza ikawajaribu wanaume zaidi ya 3,200. Mwaka 2016 ikatangazwa kuwa ziara 20 zilifaa sawasawa na 37. Mwaka 2019 Sweden na Denmark, kwa wanaume 1,200, zikaonyesha kuwa ziara saba zaweza kutosha. Kisha mwaka 2024 yakatoka matokeo ya wanaume 874 wa Uingereza, Ireland na Kanada ambao saratani yao ilikuwa bado haijatoka nje ya tezi. Baada ya miaka mitano, waliotibiwa kwa ziara tano tu walikuwa salama bila maradhi kurudi kwa asilimia 95.8, na waliotibiwa kwa ziara 20 au zaidi kwa asilimia 94.6. Hata hivyo waliopata ziara tano walisumbuliwa zaidi kidogo na mkojo.

Mionzi ya ndani nayo imepimwa. Nchini Kanada wanaume 398 wenye saratani kali zaidi walipewa kwanza mionzi ya nje, kisha nusu yao wakaongezewa punje za iodini. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa maradhi yaliwarudia waliokosa punje hizo mara mbili zaidi. Lakini waliopandwa punje walipata matatizo makubwa zaidi ya mkojo, na haikuonekana wazi kwamba waliishi muda mrefu zaidi. Tunayasema haya yote ili msomaji asidhani kuwa tunauza dawa ya muujiza. Kila tiba ina bei yake mwilini, na daktari mwema humweleza mgonjwa wake kabla ya kuanza.

KUTOKA TUNGUE HADI KWENYE MASHINE

Sasa tumfikirie mvuvi wa Tungue mwenye miaka 62. Daktari wa Ulaya akisema "ziara 39", husema jambo la usumbufu. Mvuvi wetu akiambiwa hivyo, ameambiwa aache chombo, shamba na jamaa kwa miezi miwili, akalale ugenini asikojua mtu. Mara nyingi jibu lake litakuwa kubaki nyumbani. Ndiyo maana twasema kwamba kwa mtu wa pwani hii, utafiti wa kupunguza siku si anasa ya wataalamu. Ndio unaoamua kama atatibiwa au hatatibiwa.

Msumbiji ilifungua huduma yake ya kwanza ya tiba ya mionzi mwaka 2019, katika Hospitali Kuu ya Maputo. Ilikuwa hatua kubwa na ya kupongezwa. Lakini kutoka Tungue hadi Maputo, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita zipatazo 1,900. Kutoka Tungue hadi Dar es Salaam, ilipo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ni kilomita zipatazo 460. Taasisi hiyo ilianza kutumia mashine za linaki mwaka 2018, na mionzi ya ndani imekuwa ikiwatibu humo mama zetu wenye saratani ya mlango wa kizazi. Mashine ya aina hiyo yaweza kutibu tezi dume pia, ikiongezewa sindano zake, chombo cha mawimbi ya sauti, na juu ya yote wataalamu waliofunzwa.

Tusisahau pia kuwa mashine ni kitu cha kutunzwa. Iridiamu hupoteza nusu ya nguvu zake kwa siku 74, hivyo hospitali hulazimika kuagiza nyingine kila baada ya miezi mitatu au minne. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Mulago, Uganda, iliyokuwa pekee nchini humo, iliharibika kabisa, na wagonjwa walihangaika hadi mpya ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2017. Mashine moja bila ya akiba ni sawa na kikosi kisicho na risasi za ziada.

Tena iko habari ya amani. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imeona mapigano, na Machi 2021 Palma yenyewe ilishambuliwa, watu kwa maelfu wakakimbia kwa miguu na kwa mashua. Mtu aliye mbioni hapimwi damu, na aliyekwisha kuanza tiba hawezi kurudi kwa daktari wake. Kwa hiyo askari anayelinda njia ya kwenda zahanati naye ana sehemu yake katika kuponya.

WAJIBU WETU

Twaona mambo mawili ya kufanywa. La kwanza ni la serikali zetu mbili: kuweka utaratibu rasmi wa kuwapokea wagonjwa wa Tungue upande huu wa Ruvuma. Wachunguzwe Mtwara, na wanaohitaji mionzi wapelekwe Dar es Salaam kwa ziara chache iwezekanavyo, bila kuzuiwa mpakani kwa ajili ya karatasi. Ndugu hawa walishirikiana nasi katika vita vya ukombozi. Hawawezi kuwa wageni kwetu katika vita vya maradhi.

La pili ni la wazee wenyewe. Aliyefikia umri wa miaka 50, au 45 ikiwa baba au kaka yake aliugua, na aende akamwulize mganga wa hospitali habari za kipimo. Wapo waonao haya kwa kuwa jambo lenyewe ni la sehemu za siri. Twawaheshimu wazee wetu, nasi twawaambia kwa adabu: haya haijamponya mtu. Ziara tano zinamfaa aliyefika mapema. Aliyechelewa, hata mashine ikiletwa hadi mlangoni pake, yaweza kukosa la kumfanyia.