Fahamu: Jinsi vyombo vya habari vya wanachuo vinavyojikosoa

Kuanzishwa kwa tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Kagera kunaleta swali la namna chombo cha habari kinachoendeshwa na wanafunzi, ambao huhitimu na kuondoka kila mwaka, kinavyoweza kulinda ubora wake. Njia kuu ni tathmini ya baada ya kuchapisha, yaani kikao ambamo wahariri na waandishi huipitia kazi iliyokwisha kutoka, wakiuliza nani alihojiwa, nani aliachwa na takwimu zilitoka wapi.

Ajali ya ndege ya Precision Air iliyotumbukia Ziwa Victoria mjini Bukoba, mkoani Kagera, tarehe 6 Novemba 2022 inafaa kuwa somo la kikao hicho, kwa kuwa mwanzoni waliookolewa walitajwa kuwa 26, ilhali baadaye ilithibitika kuwa kati ya watu 43 walinusurika 24. Mwandishi aliyeinukuu mamlaka hakukosea. Kosa, tena zito kwa familia zilizokuwa zikisubiri, ni kuiacha idadi ile bila sahihisho lenye tarehe.

Kukosoa kazi iliyokwisha kuchapishwa si jambo geni chuoni hapo: Mlimani, kwenye kampasi kuu ya Dar es Salaam, jarida la wanafunzi la Cheche, lililoanza mwaka 1969 na kupigwa marufuku mwaka 1970, lilichapisha uchambuzi wa Issa Shivji ambao wasomi wengine, Walter Rodney akiwamo, waliujadili kwa maandishi. Ukosoaji wa wazi namna hiyo haupaswi kubaki kwa wasomi peke yao, kwani habari ya bei ya kahawa hupimwa vizuri zaidi na mkulima wa Muleba, wilaya ya Kagera, aliyeuza mavuno yake.