Miji iligombea Amazon, bibi wa Ngulyati anagombea nini?

ASUBUHI moja hapa Ngulyati, wilayani Bariadi, nilikaa kwenye benchi la kliniki ya watoto. Pembeni yangu alikuwepo bibi aliyempakata mjukuu wa mwaka mmoja na miezi miwili. Mama wa mtoto yuko Mwanza, anatafuta kazi.

Baada ya "mwangaluka" na habari za mvua, bibi akasema: "Mwanangu, ungekuja huku mradi mkubwa kama lile bomba, huyu angekuwa na mama yake."

Alimaanisha bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda. Mwaka 2016 Kenya na Tanzania ziliwania lipite kwao, na Tanga ikashinda badala ya Lamu. Ni kilomita 1,443, lakini Simiyu halipiti.

Nikamsimulia shindano la Marekani. Septemba 2017 kampuni ya Amazon, inayouza bidhaa mtandaoni, ilitangaza inatafuta mji wa kujenga makao makuu yake ya pili, ikaahidi ajira 50,000. Maombi 238 yakapelekwa. Mji mdogo wa Stonecrest, jimboni Georgia, ulikuwa tayari kutenga ekari 345 na kuupa mji mpya jina la Amazon.

Bibi akacheka. "Hiyo sasa ni mahari."

Na mahari ilikuwa nzito kweli. Novemba 2018 walitangazwa washindi wawili, New York na Arlington, Virginia. New York iliahidi misamaha ya kodi na ruzuku za karibu dola bilioni 3. Baadhi ya wakazi na wanasiasa wakapinga: kwa nini tajiri apewe fedha za umma, na pango la nyumba likipanda familia zitakwenda wapi? Februari 14, 2019 kampuni ikajitoa. Posa ikavunjika.

Virginia iliahidi kampuni fedha kidogo zaidi, ikaweka nguvu kwenye elimu: kuongeza wahitimu wa kompyuta, huku chuo kikuu cha Virginia Tech kikipanga kampasi mpya ya dola bilioni 1. Nisiwadanganye, hata huko mambo hayajanyooka. Majengo ya kwanza yalifunguliwa 2023, na mwaka huohuo ujenzi wa awamu ya pili ukasimamishwa. Ila kampuni ikichelewa au ikiondoka, mhitimu anabaki na elimu yake.

Mimi ni mwandishi wa afya, kwa hiyo naanza kuhesabu mapema kuliko chuo kikuu. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi anapofikisha miaka miwili. Mjamzito akikosa madini ya chuma, au mtoto akilishwa uji mweupe asubuhi na jioni, hasara hiyo hujitokeza darasani miaka baadaye. Mtoto aliyedumaa hupata shida kujifunza, hata kama mwalimu ni hodari.

Kinachonisikitisha ni kwamba chakula tunacho. Simiyu tunalima choroko, dengu, karanga na mtama. Maziwa yapo, na dagaa wa Ziwa Victoria hufika gulioni. Lakini choroko tunaiona ni ya kuuza. Pesa ya pamba ikiingia, baba hununua bati kabla ya mayai. Halafu kwenye mkutano wa wazazi tunabishana saa nzima kuhusu debe la mahindi la chakula cha shuleni.

Zamu ya bibi ilifika. Mjukuu akapimwa na kadi ikajazwa: uzito haujaongezeka tangu mwezi uliopita. Muuguzi akamuuliza anakula nini. Uji, alijibu, na ugali wa maziwa yakipatikana.

Alipotoka akaniuliza kama choroko haitamsumbua mtoto tumbo. Nikamwambia ailoweke, aichemshe ilainike kabisa, aiponde na kuitia mafuta au karanga iliyosagwa, aanze na kidogo.

"Nina debe moja ndani," akasema huku akimfunga mtoto mgongoni. "Nilikuwa nimeliweka la kuuza Jumamosi."